Jinsi ya kubadilisha vipuri vya mbele vya gari nyumbani bila kuhatarisha maisha

MLIO wa ‘ko! ko! ko!’ unaotoka chini ya gari kila linapopita kwenye shimo au tuta ni jambo ambalo madereva wengi nchini wamelizoea kiasi cha kutolijali tena.

Aghalabu mlio huo ni ishara kwamba vipuri vinavyoshikilia magurudumu ya mbele vimelegea au kuchakaa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika suala hili ukuta wenyewe unaweza kuwa gurudumu linalokunjika gari likiwa katika mwendo wa kasi.

Barabara zenye mashimo na matuta huharakisha uchakavu huo. Isitoshe, magari mengi yanayoendeshwa Kenya huingizwa nchini yakiwa yametumika ng’ambo. Kanuni huruhusu gari lisilozidi umri wa miaka 8, kumaanisha kwamba mipira na viungo vya baadhi ya magari huwa vimeanza kuzeeka hata kabla ya kuteremshwa katika bandari ya Mombasa.

Kwa sababu ya gharama, baadhi ya wenye magari huamua kufanya kazi hiyo wenyewe uani, au humwalika fundi wa jua kali aje nyumbani na spana zake. Uamuzi huo si mbaya, kwani sehemu kubwa ya kazi hiyo haihitaji mitambo mikubwa.

Hata hivyo, kuna mambo mawili yanayoweza kumuua mtu papo hapo: uzani wa gari lililoinuliwa, na nguvu iliyobanwa ndani ya springi. Anayeyaheshimu hayo mawili, na kujua ni wapi anapofaa kukomea na kumwachia mwenye mitambo, anaweza kuifanya kazi hiyo kwa usalama.

Muundo wa sehemu ya mbele

Magari mengi madogo yanayopendwa nchini, yakiwemo Toyota Corolla, Probox na Vitz, yana muundo wa mbele unaofanana. Muundo huo hupewa jina la mhandisi Mmarekani Earle MacPherson, aliyeubuni katika miaka ya 1940.

Kampuni ya Ford ilizindua magari ya Consul na Zephyr yenye muundo huo nchini Uingereza mwaka 1950. Miaka 5 baadaye, Zephyr ilishinda mbio za Coronation Safari katika Afrika Mashariki, mashindano ambayo baadaye yalikuja kujulikana kama Safari Rally.

Katika muundo huo, springi na kifyonza-mshtuko, ambacho mafundi hukiita shokomzoba, huunganishwa kuwa nguzo moja. Sehemu ya juu ya nguzo hushikwa na mautingi, kiti cha chuma na mpira ambacho aghalabu hufungwa kwa nati 3 chini ya boneti. Sehemu ya chini hufungwa kwa bolti 2 kubwa kwenye nako, yaani chuma kinachobeba gurudumu na breki.

Upande wa chini, nako hushikwa na boljointi iliyo kwenye ncha ya mkono wa chini. Mkono huo nao hufungwa kwenye fremu ya gari kupitia bushi za mpira. Tairodi ndiyo inayogeuza nako kushoto au kulia dereva anapozungusha usukani, ilhali linki ya stabilaiza hulizuia gari kulalia upande mmoja kwenye kona.

Kutambua kilichochakaa

Kosa la kwanza ambalo wengi hufanya ni kununua vipuri kwa kubahatisha. Inafaa kipuri kibovu kitambuliwe kwanza, kwani kila kimoja kina dalili zake.

Linki ya stabilaiza iliyolegea hugonga sana gari linapopita polepole mahali penye mawe madogo au vishimo. Shokomzoba iliyoharibika huvuja mafuta na kuacha alama nyeusi yenye vumbi kwenye mwili wake. Pembe ya mbele ya gari ikibonyezwa kwa nguvu na kuachiliwa, gari linafaa kupanda mara moja na kutulia. Likiendelea kurukaruka, shokomzoba imekwisha nguvu.

Boljointi na tairodi hupimwa gurudumu likiwa limeinuliwa na gari likiwa limekalishwa kwenye stendi. Gurudumu hushikwa juu na chini na kutikiswa, kisha kushoto na kulia. Likicheza juu na chini, boljointi hushukiwa. Likicheza kushoto na kulia, tairodi hushukiwa.

Hata hivyo, beringi ya gurudumu ikichakaa huleta mchezo kama huo. Njia ya kutofautisha ni kumwomba mtu akanyage breki wakati gurudumu linatikiswa. Mchezo ukitoweka breki ikikanyagwa, kasoro iko kwenye beringi.

Kati ya vipuri hivi, boljointi ndiyo isiyostahili kucheleweshwa hata kidogo. Ikichomoka, hakuna kingine kinachoshika nako upande wa chini, nayo tairi hulala na gari hukosa mwelekeo. Gari ambalo boljointi yake imeonekana kucheza halifai kuendeshwa hadi irekebishwe.

Vifaa vinavyohitajika

Jeki inayokuja na gari imetengenezwa kwa ajili ya kubadilisha tairi kando ya barabara, si kwa kazi ya kuingia chini ya gari. Anayetaka kufanya kazi hii nyumbani anahitaji jeki ya magurudumu, stendi 2 za chuma zenye uwezo wa kubeba uzani wa gari, na kabari za kuzuia magurudumu ya nyuma.

Aidha, anahitaji seti ya soketi na spana, mpini mrefu wa kulegezea nati zilizokaza, nyundo nzito, alenkii, brashi ya waya, mafuta ya kulegeza kutu, na miwani ya kukinga macho. Kutu na mchanga unaodondoka kutoka chini ya gari umewaumiza wengi macho.

Kifaa kingine muhimu ni spana ya toki, ambayo hupima nguvu ya kukaza bolti. Wengi hudhani mkono wa fundi mzoefu unatosha, ilhali bolti iliyokazwa kupita kiasi hunyooka na kukatika, na iliyolegea hufunguka yenyewe. Vipimo vya kila bolti hupatikana katika kitabu cha ufundi cha gari husika.

Kuinua gari

Mahali pa kufanyia kazi panafaa kuwa tambarare na pagumu, ikiwezekana penye saruji. Udongo, nyasi na changarawe huruhusu mguu wa jeki au stendi kuzama upande mmoja. Lami nayo hulainika wakati wa jua kali, kwa hivyo ni vyema kuweka kipande kipana cha mbao ngumu au bamba la chuma chini ya stendi.

Breki ya mkono huvutwa, gia ikawekwa kwenye P au gia ya kwanza, na kabari zikawekwa mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma. Nati za magurudumu ya mbele hulegezwa kidogo tairi zikiwa bado chini, kwa sababu kuzilazimisha gari likiwa juu kunaweza kulisukuma likaanguka.

Kisha gari huinuliwa kwa jeki iliyowekwa mahali palipoonyeshwa na mtengenezaji. Stendi huwekwa chini ya sehemu ngumu za fremu, gari likashushwa polepole hadi likalie stendi hizo. Kabla ya mtu yeyote kujiingiza chini, gari husukumwa kwa mikono kutoka kila upande. Likitikisika au kusogea, hushushwa na kazi kuanza upya.

Ni mwiko kutumia matofali, mawe au vipande vya mbao vilivyopangwa badala ya stendi. Tofali la saruji linaweza kuonekana imara kisha likapasuka ghafla bila onyo. Hali kadhalika, jeki peke yake haifai kuaminiwa, kwani mpira mdogo wa ndani ukivuja, gari huteremka.

Gurudumu lililotolewa hulazwa chini ya ubavu wa gari. Iwapo stendi itateleza, gari litaangukia gurudumu hilo na kuacha nafasi inayoweza kuokoa maisha. Pia si busara kufanya kazi hii ukiwa peke yako. Mtu mwingine anafaa kuwa karibu, na watoto wazuiwe kufika mahali hapo.

Linki na tairodi

Linki ya stabilaiza ndiyo rahisi zaidi, na ndiyo inayofaa kwa anayejifunza. Magurudumu yote mawili ya mbele yanafaa kuwa juu ili stabilaiza isiwe imejipinda na kukaza linki. Nati zake hupuliziwa mafuta na kuachwa kwa muda. Msumari wa linki ukizunguka pamoja na nati, huzuiwa kwa alenkii huku nati ikifunguliwa kwa spana.

Kwa upande wa tairodi, nati ya kufungia iliyo kwenye shina hulegezwa kwanza. Kisha pini iliyopindwa huchomolewa na nati ya juu kufunguliwa, lakini isitolewe yote. Ubavu wa chuma kinachoshika msumari wa tairodi hupigwa kwa nyundo hadi msumari uachie. Kupiga ncha ya msumari wenyewe huharibu meno ya nati.

Tairodi ya zamani inapofunguliwa kutoka kwenye shina lake, idadi ya mizunguko huhesabiwa na kuandikwa. Mpya huingizwa kwa idadi hiyo hiyo. Hatua hiyo haiondoi haja ya kupima mlingano wa magurudumu, lakini huwezesha gari kufika kwa mpimaji bila kuvuta upande mmoja.

Pini mpya hutumiwa kila mara. Iwapo tundu la pini halijalingana na nati, nati hukazwa zaidi hadi lilingane, wala hairudishwi nyuma.

Boljointi na mkono wa chini

Katika matoleo mengi ya Toyota Corolla, boljointi hufungwa kwenye mkono wa chini kwa bolti 1 na nati 2, hivyo inaweza kubadilishwa peke yake. Katika magari mengine imeshindiliwa ndani ya mkono, na mara nyingi njia bora ni kununua mkono mzima ukiwa na boljointi na bushi zake.

Boljointi inapoachia, nako hubaki ikining’inia. Haifai kuvutwa nje kwa nguvu, kwa sababu shafti inayozungusha gurudumu inaweza kuchomoka kutoka kwa kiungo chake cha ndani. Ni vyema kuifunga nako kwa kamba isisogee mbali.

Kalipa ya breki ikiwa imefunguliwa, hufungwa kwa waya kwenye sehemu nyingine imara. Kuiacha ining’inie kwa mpira wake wa mafuta huweza kuuchana mpira huo kwa ndani bila jeraha kuonekana kwa nje. Madhara yake hujitokeza siku dereva atakapohitaji breki zaidi ya siku nyingine yoyote.

Bushi za mpira nazo zina kanuni ambayo hupuuzwa mara nyingi. Bolti zake hukazwa kikamilifu gari likiwa limesimama kwa uzani wake wote juu ya magurudumu. Zikikazwa mkono ukiwa unaning’inia, mpira hujipinda kila gari linaposhuka chini, na bushi mpya hupasuka mapema.

Hatari ya springi

Hapa ndipo tahadhari kubwa zaidi inapohitajika. Gari dogo la kilo 1,100 lenye injini mbele huwa na takriban asilimia 60 ya uzani huo upande wa mbele. Hivyo basi, kila springi ya mbele hubeba zaidi ya kilo 300. Hata nguzo inapotolewa kwenye gari, springi hubaki imebanwa kati ya kiti cha chini na mautingi.

Kinachoizuia kufyatuka ni nati moja tu iliyo katikati ya mautingi. Nati hiyo ikifunguliwa kabla ya springi kubanwa kwa kifaa maalumu, mautingi na springi huruka kwa nguvu inayoweza kuvunja mfupa wa uso au kuua.

Kwa sababu hiyo, anayeitoa nguzo nyumbani hufungua nati 3 za pembeni chini ya boneti pekee, na kuiacha ya katikati kama ilivyo. Kabla ya hapo, mpira wa breki na waya wa breki za kielektroniki huondolewa kwenye vishikio vyake. Bolti 2 za chini huwekewa alama ya rangi ili kuonyesha zilivyokaa, nako ikategemezwa, na msaidizi akaishika nguzo isianguke wakati nati za juu zinapotoka.

Baada ya hapo, lililo salama zaidi ni kuipeleka nguzo nzima kwenye gereji yenye mtambo wa kubania springi ili shokomzoba mpya iingizwe. Ada ya kazi hiyo ni ndogo ikilinganishwa na bili ya hospitali. Njia nyingine ni kununua nguzo iliyokwisha kuunganishwa pamoja na springi na mautingi.

Anayeamua kutumia vibanio vya mkono anafaa kuwa na vibanio 2 vizima visivyo na ufa, vikawekwa pande mbili zinazokabiliana na kushika mizunguko mingi ya springi iwezekanavyo. Hukazwa kwa zamu, mizunguko michache kila upande, kwa spana ya mkono wala si kwa mashine ya kukaza kwa kasi. Nati ya katikati haiguswi hadi springi iachie viti vyake kabisa, na uso wa mtu haufai kuelekea ncha yoyote ya springi.

Desturi ya kuifunga springi kwa waya au kamba, au kuwaomba vijana waikalie huku nati ikifunguliwa, haifai kukubaliwa na mwenye gari hata kama fundi anadai ameifanya kwa miaka mingi. Vilevile, shokomzoba kuukuu haifai kukatwa wala kuchomwa, kwa kuwa nyingi zina gesi iliyoshindiliwa ndani.

Uchaguzi wa vipuri

Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi ni miongoni mwa maeneo yanayojulikana zaidi kwa biashara ya vipuri, na bidhaa za viwango tofauti hupatikana humo. Mnunuzi anafaa kwenda na nambari ya chesisi ya gari lake pamoja na kipuri cha zamani ili alinganishe. Aidha, inafaa achunguze nambari ya kipuri, maandishi ya pakiti na ubora wa mpira, kisha adai risiti.

Boljointi na tairodi zilizotumika ng’ambo ni za kuepukwa, hata zikisafishwa zikang’aa. Hakuna anayeweza kusema zimetembea kilomita ngapi. Shokomzoba nazo hubadilishwa mbili kwa pamoja, kushoto na kulia, kwani moja mpya na moja kuukuu hulifanya gari kuyumba linapofunga breki.

Nati za kujifunga zenye plastiki ndani hazifai kurudiwa. Zikifunguliwa mara moja, uwezo wake wa kushika hupungua.

Kumaliza kazi

Magurudumu yakisharudishwa, nati zake hukazwa kwa mpangilio wa nyota badala ya kuzunguka duara, ili rimu ikae sawasawa. Katika magari mengi ya Toyota Corolla, kipimo chake ni Nyutoni-mita 103. Zinafaa kukaguliwa tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Kabla ya gari kusogezwa, pedali ya breki hukanyagwa mara kadhaa hadi iwe ngumu. Ikiwa kalipa ilisukumwa, kanyago la kwanza linaweza kuzama hadi chini, na dereva aliyekwisha kuondoka hatakuwa na breki. Usukani nao huzungushwa hadi mwisho pande zote mbili huku mtu akitazama kama mpira wa breki au waya umevutwa.

Jaribio la kwanza hufanywa polepole mahali pasipo na watu wala magari. Dereva husikiliza milio, hufunga breki akiwa katika mwendo mdogo na kukata kona pande zote. Ishara yoyote ya kuvuta upande mmoja, kugonga au usukani kuwa mzito inatosha kulirudisha gari kwenye stendi.

Hatimaye, gari hupelekwa kupimwa mlingano wa magurudumu siku hiyo hiyo au kesho yake. Anayeikwepa gharama hiyo huilipa kwa njia ya tairi zinazolika upande mmoja katika muda mfupi.

Kujua pa kukomea

Zipo hali ambapo kuendelea nyumbani ni kujitafutia balaa. Miongoni mwazo ni bolti iliyoshikwa na kutu hadi inahitaji moto, bushi inayohitaji mtambo wa kushindilia, nako iliyopinda kutokana na ajali, au mahali pa kufungia mautingi palipopasuka. Kazi hizo ni za gereji yenye vifaa.

Mwenye gari aliyebadilisha linki na tairodi zake mwenyewe, kisha akapeleka nguzo za springi kwa mwenye mtambo, amepunguza gharama bila kuweka maisha yake rehani. Haraka haraka haina baraka, na gari linaloweza kusubiri uani hadi Jumatatu ni bora kuliko linalorudi barabarani Jumapili jioni likiwa na bolti moja ambayo hakuna anayekumbuka kama ilikazwa.